Udi Kwenye Makoti Meupe

Watu wa Wawi, kisiwani Pemba, wakimtaja Tatu binti Nyange huanza na vidole vyake. Hawaanzi na sura, wala na yule mume wake aliyekwenda Tanga kwenye mkonge akasahau njia ya kurudi. Vidole kwanza. Vilikuwa virefu, vyembamba, vigumu nchani, na tangu alipokuwa na miaka tisa vilikuwa vikishona kofia za viua, zile kofia nyeupe ambazo kila kitundu chake huzungushiwa uzi mpaka kikawa kama jicho la dagaa. Kofia moja ina vitundu mia kadhaa. Tatu alishona huku anazungumza, huku anacheka, huku anamfukuza kuku aliyeingia ukumbini, na vitundu vikatoka sawa vyote.

Haya lazima yajulikane mapema, maana ndiyo yaliyoifanya serikali ipige hodi mlangoni kwake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Madukani hamna sabuni, foleni ya unga inapangwa jua halijatoka, na karafuu zinauzwa serikalini tu kwa bei inayotaka serikali. Basi akaja kijana mmoja, Silima, mzaliwa wa Kojani aliyesomeshwa Ujerumani Mashariki miaka sita, akarudi na miwani minene na karatasi ya wizara. Akawakusanya wanawake washona kofia chini ya kipenu cha skuli.

"Mama zangu," akasema, "kila redio inayounganishwa nchini mwetu, viungo vyake vya ndani vinanunuliwa nje. Vinanunuliwa kwa karafuu zenu. Gunia linakwenda, kijipande kinarudi. Sasa serikali imesema basi. Ndani ya miaka mitatu, vijipande vile tuvitengeneze wenyewe, na kiwanda cha redio cha bara hakitaruhusiwa kununua vya nje. Karakana ya kwanza ya majaribio itakuwa hapa, Wawi."

"Kijipande chenyewe ki wapi?" akauliza mzee mmoja nyuma, Bi Time.

Silima akafungua kiganja. Pale kati palikuwa na kitu chenye miguu miwili ya waya, kidogo kuliko mbegu ya tikiti.

"Hicho ndicho kinachokula karafuu zetu?" Bi Time akashangaa. "Kumbe kina tumbo!"

Wanawake wakacheka mpaka Silima mwenyewe akacheka. Kisha akawaeleza: ndani ya kile kitu mna kipande cha silikoni, mchanga uliosafishwa mpaka hauna doa, na kazi yake ni kuuachia umeme upite upande mmoja na kuuzuia upande wa pili.

"Ah," Tatu akasema, "ni dema hilo. Samaki anaingia, kutoka hatoki."

Silima akamtazama. Miaka sita ya madarasa, na hakuna mwalimu aliyewahi kumweleza vizuri hivyo. Tangu siku hiyo, kitabuni aliandika daiodi, mdomoni alisema dema kama wanawake wake.

Alichagua kumi na wawili kwa kuwapa kibano na sahani ya ufuta. Tatu alihamisha punje mia moja bila kuangusha hata moja. "Tangu lini serikali ikaposa vidole?" wenzake wakamtania. Yeye akatabasamu tu. Alikuwa na watoto wawili, hana mtu wa kumtegemea, na hii ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake iliyoandikwa jina lake kwenye karatasi.

Karakana ilikuwa ghala la zamani la karafuu. Walilisugua miezi mitatu kwa maji na magadi, wakalipaka rangi, wakaziba kila ufa, na bado siku ya joto kali kuta zilitoa jasho lenye harufu ya karafuu. Ndani yake Silima alijenga chumba kidogo chenye milango miwili, mashine ya kuchuja hewa na meza nne zenye hadubini. Kule ndiko vipande vya silikoni vilikotolewa kwenye vikasha vyao, vikaunganishwa na waya na kufungwa. Vumbi moja tu, chembe moja ya jasho, na dema limetoboka.

Kwa hiyo palikuwa na sheria. Kabla ya kuingia, unaacha kanga na viatu nje, unaosha mikono mpaka viwiko, unavaa koti jeupe na kitambaa cheupe kichwani. Hamna poda, hamna mafuta mazuri, hamna hina mbichi.

"Jamani," Tatu akasema siku ya kwanza, wakiwa wamejipanga weupe wote mlangoni, "si tumehirimia hivi, kama mahujaji, weupe na bila manukato? Hichi si chumba, ni ihramu."

Jina likashika. Mpaka Silima alikuwa akiuliza asubuhi: "Nani leo anaingia Ihramu?"

Mwenye funguo za Ihramu alikuwa Thuraiya binti Marhoun, wa Tibirinzi. Baba yake aliwahi kuwa na mashamba ya karafuu ambayo baada ya Mapinduzi yaligawiwa eka tatu tatu, na fungu moja lilimwangukia baba yake Tatu. Mambo hayo wote wawili waliyajua na hawakuyasema. Thuraiya alikuwa amesoma hesabu mpaka kidato cha nne, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kupima: anachukua kila dema lililokwisha, anapitisha umeme huku, anapitisha huku, anaandika. Yeye na Tatu walikaa meza moja, na mchana wakala sahani moja. Thuraiya alileta achari ya maembe, Tatu akaleta muhogo.

"Shoga, mkono wako una nini leo? Kati ya mia, tisini na saba mazima," Thuraiya angesema.

"Na hayo matatu?"

"Hayo ulipoyafanya ulikuwa unamfikiria wa Tanga."

"Laana! Nimfikirie yule? Miye nilikuwa n'naufikiria muhogo wangu unaoungua."

Hivyo ulipita mwaka na nusu. Halafu ikaja barua: wizara itatuma kamati kutoka Unguja kutazama jaribio la mwisho. Vipande elfu mbili vitatengenezwa mbele ya wageni kwa siku mbili. Vikipita, karakana itakuwa kiwanda, na wanawake watakuwa themanini. Visipopita, mashine zitahamishwa.

Wakati huo ulikuwa wa masika. Wiki ileile pampu ya maji ya karakana ikafa. Sheria ilikuwa makoti yasitoke nje ya karakana hata siku moja, yafuliwe palepale. Silima akaizunguka pampu, akaipiga teke, akamwita Tatu pembeni. "Bi Tatu, chukua makoti ukafue kwako. Maji ya mvua, sabuni ya kipande, usiyaanike nje. Jumatatu asubuhi uje nayo."

Tatu aliyafua Jumamosi kwa maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa mara tatu. Akayaanika ndani, kamba kutoka chumbani mpaka ukumbini, watoto akawalaza kwa jirani. Lakini mvua haikukatika. Jumapili mchana aliyagusa: yamekauka, ila yalikuwa na ule uvundo wa nguo iliyokauka bila jua. Akaliweka koti puani, akalitoa, akaliweka tena.

Wageni wanatoka Unguja. Watu wakubwa. Waje wanuse uvundo waseme wanawake wa Pemba ndivyo walivyo?

Kwa Tatu, na kwa mama yake, na kwa bibi yake, kitu kikishafukizwa ndicho kimekuwa safi. Mtungi wa maji hufukizwa ubani kabla ya kutiwa maji. Nyumba hufukizwa. Mzazi hufukizwa. Mafuta mazuri ni pambo, na pambo lilikatazwa, hilo alilijua. Moshi kwake haukuwa pambo. Moshi ulikuwa ndio mwisho wa kufua. Basi akatia makaa kwenye chetezo, akatia ubani na kipande cha udi alichokitunza tangu harusi yake, akafunika kwa tenga kubwa, akatandaza makoti juu yake moja baada ya jingine, akiyageuza kwa mapenzi kama mtu anayegeuza chapati. Alipomaliza, yalinukia kama kitanda cha bibi harusi. Akayakunja. Usiku ule alilala vizuri kuliko usiku wowote wa mwaka ule.

Jumatatu kamati ikaja, watu wanne, mkubwa wao akiitwa Ndugu Ngwali, mrefu, mwenye suti ya kaunda na Kiunguja cha haraka. Wanawake wakavaa makoti. Thuraiya aliliinua la kwake, akasita, akamtazama Tatu, akatabasamu, akavaa. Walifanya kazi siku mbili na wageni wakichungulia kwenye kioo. Tatu hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Jumatano Thuraiya akaanza kupima. Dema la kwanza likavuja. La pili likavuja. La kumi, la arubaini. Umeme ulikwenda na kurudi kama mtu na nyumba yake. Hadi adhuhuri, katika mia tatu, mazima yalikuwa kumi na moja.

Silima akakikata kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akainama kwa muda mrefu.

"Kuna utandu," akasema. "Kama mafuta ya moshi."

"Moshi?" Ndugu Ngwali akamgeukia. "Chumba mmekiziba kama kaburi. Moshi umeingiaje?"

"Sijui, Ndugu."

"Unajua. Moshi hauingii wenyewe, umeingizwa. Nani ana funguo?"

Tatu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, kibano mkononi. Aliposikia neno moshi, Jumapili ikamrudia machoni. Aliona chetezo, aliona tenga, aliona mikono yake mwenyewe ikigeuza makoti. Mdomo ulifunguka. Na mwaka ule, msomaji, ulikuwa mwaka ambao redio asubuhi na jioni ilitaja wahujumu uchumi, na watu walikamatwa kwa kuficha magunia mawili ya sukari. Mdomo wa Tatu ukajifunga.

"Funguo ninazo miye," Thuraiya akasema.

"Binti nani?"

"Marhoun."

Ndugu Ngwali akalirudia jina lile la Kiarabu polepole, kama anayeonja chumvi. "Una ndugu nje?"

"Kaka yangu yuko Maskati."

"Anakuandikia?"

"Kaka ataacha kumwandikia dada yake?"

Thuraiya akaambiwa akae nyumbani kwao Tibirinzi, sheha wa mtaa amchunge, na Jumamosi mchana atapelekwa Unguja kwa meli akahojiwe. Tatu alimtazama akivua koti jeupe, akilikunja vizuri, akiliweka juu ya meza. Wala hakumwangalia Tatu.

Alhamisi Tatu akamfuata Silima. Alimkuta amekaa juu ya sanduku la waya, hajanyoa.

"Mwanangu, ni miye. Makoti niliyafukiza."

Silima akafumba macho.

"Kwa nini, Bi Tatu?"

"Yalikuwa yananuka."

"Unajua watasema nini kwanza? Watauliza makoti yalitokaje nje. Na aliyeyatoa ni mimi." Akavua miwani. "Thuraiya watamwuliza maswali, watamwachia. Hana kosa, watamwachia. Wewe una watoto. Nyamaza."

"Na wasipomwachia?"

Silima akaanza kufuta miwani kwa shati.

Ijumaa, baada ya sala, Tatu alikwenda Tibirinzi kwa miguu, na kitoweo cha kunde kwenye bakuli kana kwamba anakwenda kutazama mgonjwa. Mtu wa sheha alikuwa barazani, akamwachia apite. Thuraiya alikuwa chumbani anapanga nguo kwenye kikapu cha safari, kanga mbili, gauni, msala. Tatu akakaa chini, machozi yakamtangulia.

"Usilie, nimeshajua," Thuraiya akasema.

"Umejua nini?"

"Tatu. Nilipolivaa lile koti, nilinukia kama n'naolewa. Nilidhani umetuletea baraka. Sikukumbuka kitu. Ati miye mwenye sheria za chumba, sikukumbuka! Jumatano Silima aliposema moshi, ndiyo nikakumbuka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Tatu ndiye? Weye una watoto na huna mtu. Miye n'na kaka Maskati."

"Na huyo kaka ndiye wanayekulaumia!"

"Hata nisingekuwa na funguo wangenilaumia yeye." Thuraiya akaikunja gauni mara ya pili, ingawa ilikwisha kunjwa. "Lakini lile jina mwenyewe ulilitia. Ihramu. Mtu aliyehirimia hufukiza nguo, shoga?"

Alisema kwa utani, nusu. Nusu ile nyingine ilimwingia Tatu mahali ambapo haikutoka tena.

Jumamosi asubuhi kamati ilikuwa karakanani inafunga karatasi zake. Tatu akaingia na kikapu. Akatoa chetezo, akakiweka juu ya meza ya Ndugu Ngwali, juu ya faili.

"Nini hiki?"

"Ndicho kilicholeta moshi. Na aliyeuleta ni miye. Niliyafukiza makoti ubani na udi, kwangu, Jumapili mchana. Thuraiya hana lake."

Ndugu Ngwali akamtazama kuanzia kanga mpaka nyayo. "Mama, wewe umesoma?"

"Kurani."

"Nani kakutuma useme haya?"

"Hakunituma mtu."

"Kakuahidi nini? Mashamba yao ya zamani? Wewe ni mtoto wa wakwezi wa mikarafuu, hawa wenye mashamba waliwafanyia nini wazee wako, umesahau? Leo unakuja kumbebea mzigo?"

Tatu alihisi uso unamwaka. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Alitazama mikono yake, kama kawaida yake akikosa maneno, na mikono ikampa jibu.

"Nipeni kibano," akasema. "Na koti moja la akiba lililobaki kwenye kabati, halikufukizwa. N'nakaa pale mezani, n'natengeneza madema kumi na mawili. Kisha n'nafukiza koti hilohilo mbele ya macho yako, n'natengeneza kumi na mawili mengine. Mtu wako apime. Yakitoka sawa, nichukueni na Thuraiya pamoja."

Silima alikuwa amesimama mlangoni. "Atayatengeneza," akasema. "Makoti nilimpa mimi ayatoe nje. Pampu ilikufa. Andikeni hilo pia."

Kamati ikakaa. Mwanamume mmoja katika wale wanne, aliyekuwa kimya siku zote, ndiye aliyesema, "Mwache afanye. Meli haijaondoka."

Tatu akanawa mpaka viwiko. Akaingia. Ndani vidole vilitulia vyenyewe. Akafanya kumi na mawili. Akatoka, akawasha makaa uani, akafukiza koti, na karakana nzima ikanukia harusi. Akaingia tena, akafanya kumi na mawili. Silima akayafunga yote kwa moto wa tanuri, na yalipopoa yule mtu mkimya akayapima mwenyewe, huku Ndugu Ngwali kamsimamia begani.

Ya kwanza: kumi na moja mazima. Ya pili: mawili.

Ndugu Ngwali akakaa. Akakitazama chetezo, kisha akakisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Moshi wa ubani," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. "Nitaandikaje haya wizarani?"

"Andika yalivyo," Tatu akasema.

Thuraiya hakupanda meli. Sheha alimwondoa mtu wake barazani kabla ya alasiri. Tatu akaachishwa kazi siku ileile, kwa mdomo. Silima akaandikiwa onyo. Na aliyeandika yale yalivyo aliyaandika kwa namna yake, maana wiki sita baadaye ilikuja barua kwamba hewa ya kisiwa haifai kwa kazi ile, pana moshi mwingi wa mila na vumbi la karafuu, na mashine zihamishwe. Wanawake wale kumi na mmoja waliokuwa wakimsalimia Tatu kwa utani wakawa wanamsalimia kwa adabu. Hilo lilimuumiza zaidi. Bi Time peke yake ndiye aliyesema waziwazi, kisimani: "Themanini tungeajiriwa, Tatu. Themanini."

"Najua, Bi Time."

"Haya. Nitwike ndoo."

Mashine zilikaa bandarini, kwenye masanduku, miezi mingi. Kabla hazijapakiwa zote, biashara ikafunguliwa, na redio za Dubai zikajaa mpaka Chake Chake, nyepesi, za rangi, na hakuna tena aliyeuliza vijipande vya ndani vimetengenezwa na nani. Silima akaenda kusomesha bara. Thuraiya akaitwa na kaka yake Maskati. Alipokuja kuaga alikaa na Tatu kutwa nzima, wakala muhogo na achari, na hakuna aliyetaja chumba kile. Mlangoni akamshika vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kama anayevihesabu.

Tatu akarudi kwenye kofia zake. Bado anashona, ingawa sasa kwa miwani. Vitundu vinatoka sawa.

Ila ukienda Wawi siku ya harusi, wakati chetezo kinapozungushwa chumbani kwa bibi harusi na wanawake wanatanua kanga moshi uwaingie, mtafute Bi Tatu. Humwoni ndani. Amekaa nje, juu ya kinu kilichopinduliwa, anangoja moshi uishe. Wasichana wa siku hizi wanasema Bi mkubwa ana pumu, na wanamtolea maji. Anayapokea, anawaambia ahsante wanangu, na pumu anawaachia waiamini.